Ule Uvimbe Ambao Mama Anauona

Rejista ya wagonjwa wa nje niliyoijaza kwa miaka 37 ilikuwa na safu sita: tarehe, jina, kijiji, umri, ugonjwa, dawa. Safu ya ugonjwa ndiyo iliyonipa kazi ndogo kuliko zote. Malaria. Malaria. Malaria na minyoo. Malaria. Siku za soko, foleni ikishafika chini ya mwembe, niliandika neno hilo mara moja juu ya ukurasa, kisha nikashuka na alama za kurudia hadi chini, kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba.

Mimi si daktari, ingawa kuanzia Amukura hadi Malaba hakuna anayeniita vinginevyo. Cheti changu kinasema tabibu: miaka mitatu ya chuo, koti jeupe, na zahanati isiyo na umeme. Nilistaafu 2016. Ukizipekua rejista zangu, kama mchwa wamekuachia kitu, hutakuta uvimbe wa ubongo wa mtoto. Lakini watoto wenye uvimbe huo walipita mbele ya meza yangu, sasa najua. Walipita wakiwa wameandikwa malaria, degedege, homa ya uti wa mgongo. Mmoja nilimwandikia minyoo, na huyo nitamfikia.

Nikitazama nyuma naona kwamba saratani za watoto huku mpakani mwa Kenya na Uganda hazikuanza kutibiwa kwa kufuata ukali wake wala wingi wake. Zilitangulia zile ambazo mama aliweza kuziona kwa macho yake, akamwonyesha jirani, jirani akashtuka.

Ya kwanza ilikuwa ya taya. Nilizaliwa 1956. Baba alikuwa mtu wa reli pale Malaba, kazi yake kubadilisha njia za treni, na sisi watoto mchezo wetu ulikuwa kutembea juu ya chuma cha reli mikono tumeitanua. Anayeanguka kwanza alibeba kuni za wenzake. Mmoja wetu, mtoto wa fundi wa baiskeli, alianza kuvimba taya mwaka 1964. Wiki ya kwanza wazee walisema ni jino. Wiki ya pili meno yalikuwa yakicheza mdomoni. Wiki ya nne jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa juu, na sisi tulikuwa tunamwogopa. Ugonjwa huo, limfoma ya Burkitt, ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Tulikuwa tunauona ukikua, na sijui kama kuna uvimbe mwingine ambao mtoto wa miaka minane anaweza kusema hivyo juu yake.

Baba yake alimpandisha treni ya Kampala. Siku hizo hiyo haikuwa safari ya ng'ambo. Reli ilikuwa moja, shilingi ilikuwa moja, ndugu walikuwa pande zote mbili za mto, na Mulago ilikuwa hospitali ya kila mtu.

Huko Mulago alikuwako daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu wa jicho moja. La pili lilipotea kwa jiwe alipokuwa mvulana wa miaka 11. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Burkitt hakujua anatazama nini. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye barabara hii hii inayotoka kwetu Busia, akatupa jicho dirishani na kumwona nje mtoto mwingine mwenye uso ule ule, yuko na mama yake. Yule wa pili ndiye aliyemfanya aanze kuwatafuta wengine. Akagundua pia kwamba wengi wao walikuwa na uvimbe tumboni, na kwamba kilichokuwa kikiandikwa kama magonjwa mbalimbali kilikuwa kimoja. Aliandika habari hiyo mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na kwa muda hakuna aliyejali sana.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha kila ninapokisimulia. Burkitt alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wale akavituma kwa hospitali za mashambani kote Afrika, akiuliza swali moja tu: mmemwona huyu? Kisha mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipakia gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri maili 10,000 kuelekea kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuonyesha picha. Hakuna maabara humo, hakuna mashine. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba ugonjwa unapenda nchi za joto, zenye mvua, zisizoinuka sana. Nairobi, kwa kuwa iko juu, iko nje yake. Busia iko kama mita 1,200 juu ya bahari, ziwa liko karibu, mbu hawakosi. Tulikuwa ndani kabisa.

London nako mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikia Burkitt akihutubia Machi 1961, aliomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye pamoja na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za uvimbe huo. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho, duniani kote. Kinachokifanya kilete saratani kwa watoto wa kwetu ni pamoja na malaria isiyokoma, inayochosha kinga ya mwili tangu utotoni. Kwa hiyo lile neno nililokuwa nikilirudia kwa alama hadi chini ya ukurasa halikuwa uongo mtupu. Lilikuwa likiwaandalia baadhi ya watoto wale ugonjwa mwingine, nami sikuwa na safu ya kuuandika.

Mtoto wa fundi alirudi baada ya miezi miwili, shavu limelala kama la mtu mwingine yeyote. Mulago haikuwa na mionzi, na kumkata mtoto taya zima ni kumharibu bila kumponya, basi Burkitt alikuwa amejaribu dawa za sindano za saratani zilizokuwa mpya kabisa wakati huo, kama siklofosfamidi. Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo Nairobi. Wapo waliopona kwa dozi chache sana, jambo ambalo wataalamu wa Marekani walipoliona mwanzoni waliona vigumu kuliamini. Mama yake alimzungusha nyumba kwa nyumba. Tulimshika shavu kwa zamu.

Mwaka uliofuata mdomo wake ulianza kupinda upande mmoja. Akaanza kuona vitu viwili viwili. Kisha miguu ikafa. Shavu lilibaki zuri vile vile, halikuvimba tena hata kidogo, na kwa sababu hiyo nyumbani kwao walisema ule ugonjwa wa taya umekwisha, huu ni mwingine, umetumwa na mtu. Hakupandishwa treni tena. Alifariki kabla ya mvua fupi.

Nilikuja kuelewa kifo kile nikiwa chuoni. Limfoma ile hupenda kujificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Dawa unayoidunga mshipani haipenyi vizuri kufika huko. Ubongo una ukuta wake, na ukuta huo hulinda mwenye nyumba na mwizi kwa pamoja. Mwaka 1967 ilifunguliwa pale Mulago taasisi ya saratani ya Uganda, na kijana Mmarekani, John Ziegler, akawa kiongozi wake. Yeye na wenzake ndio walioandama saratani hiyo hadi kwenye maji yale, kwa kudunga dawa mgongoni, katikati ya mifupa ya kiuno, hata kwa mtoto ambaye kwa macho alionekana amepona. Kwangu mimi hapo ndipo tiba ya saratani ya kichwani kwa watoto wa eneo hili inapoanza: sindano kwa ugonjwa ambao hakuna mama aliyeuona. Ilichelewa kwa rafiki yangu.

Kisha mpaka ukawa mpaka. Mwaka 1972 Wamarekani waliondoka, taasisi ikabaki mikononi mwa Charles Olweny, Mganda aliyeishikilia katika miaka ambayo hata pamba ilikuwa mali. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba Kenya yote ya magharibi, hadi karibu na Nairobi, ni ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ya baba yangu ikakatwa vipande vitatu. Desemba 1987, utawala mwingine kabisa, risasi zilipigwa Busia kati ya askari wetu na wa upande wa pili. Katika miaka hiyo mzazi wa Malaba aliyesikia neno Mulago alilisikia kama neno la zamani. Wagonjwa wenyewe waligeuza mwelekeo, walikuja kwetu.

Mimi nilianza kazi 1979, mwaka Amin alipoanguka. Yule niliyemwandikia minyoo aliletwa 1983, mvulana wa miaka sita. Mama yake alisema anatapika alfajiri, kabla hata ya kula, kisha mchana yu mzima. Nikampa klorokwini, dawa ya malaria. Wiki ya pili akarudi: anatapika bado, na kichwa kinauma. Nikampa tena, pamoja na dawa ya minyoo. Wiki ya tano akaja akiwa ameshikwa mkono. Nakumbuka alivyoingia mlangoni, miguu imetanuka kama ya baharia, akapiga bega kwenye kizingiti.

"Daktari, huyu anatembea kama baba yake akitoka kilabuni," mama alisema, na wanawake kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka.

Hakuletwa tena. Mwezi uliofuata nilisikia amezikwa. Hakukuwa na picha wala uchunguzi, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kila tabibu anayesoma maelezo hayo leo anajua ninachofikiria.

Nyuma ya kichwa, chini, uko ubongo mdogo, ule unaotuwezesha kutembea juu ya chuma cha reli bila kuanguka. Huko ndiko huota medulloblastoma, saratani ambayo mara nyingi ni ya watoto. Jina walilipa Percival Bailey na Harvey Cushing huko Marekani mwaka 1925. Cushing, mpasuaji stadi kuliko wote wa zama zake, aliwapasua watoto hao na karibu wote walikufa, kwa sababu uvimbe huo humwaga mbegu zake kwenye maji ya uti wa mgongo kama ile limfoma inavyofanya. Ni mwaka 1953 ambapo Edith Paterson na mwenzake Farr, Manchester, walionyesha kwamba ukichoma kwa mionzi ubongo wote pamoja na mgongo wote, si pale ulipokatwa tu, baadhi huishi. Miaka 30 kabla ya yule mvulana wangu. Nairobi kwenyewe kulikuwa na upasuaji wa ubongo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alipokuja Mwitaliano Renato Ruberti, na baada yake Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika kazi hiyo. Elimu ilikuwepo, na mikono ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto akiingia mlangoni.

Uvimbe ule unapoziba njia ya maji ya ubongo, maji hujaa. Usiku mtoto akilala mgandamizo huongezeka, ndiyo maana anatapika alfajiri. Sasa, kama mtoto huyo ni mchanga, mifupa ya fuvu haijashikana, kichwa hutanuka. Utosi huvimba, mishipa hujitokeza, macho hushuka chini kama jua linalozama. Mama anaona. Soko zima linaona. Lakini wa miaka sita fuvu lake limeshafunga. Hakuna kinachovimba. Anakufa akiwa na kichwa kizuri.

Jicho nilitaje kwa ufupi. Ile saratani ya jicho la mtoto, ambayo ikiachwa hufuata mshipa wa jicho hadi ubongoni, akina mama wa huku waliijua tangu zamani bila jina: mwanga mweupe ndani ya mboni, unaong'aa kwenye taa ya kibatari kama jicho la paka. Hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, imewapokea wengi. Wanaletwa kwa sababu jicho linang'aa.

Mwaka 2000 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale, upande wa Uganda, na mke wake na watoto wao sita, na mwaka uliofuata hospitali ya watoto ya CURE ikawa imeanza kazi. Tazama ramani. Kutoka daraja la Malaba hadi Tororo ni mwendo wa boda boda. Kutoka Tororo, Mbale ni saa moja ya matatu. Ni karibu kuliko Eldoret. Na neno hilo boda boda, ambalo sasa Afrika Mashariki nzima inalitumia, lilizaliwa kwetu Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda hii hadi boda ile. Niliwaona wakivusha wagonjwa wengi kuliko gari lolote la hospitali.

Warf alikuta watoto wenye vichwa vya maji, mamia kwa mamia, wengi wao wakiwa wameachiwa hali hiyo na maambukizi ya utotoni. Tiba ya kawaida ni kuweka mrija chini ya ngozi wa kuteremsha maji hadi tumboni. Mrija ni kitu kizuri ukiwa karibu na hospitali. Ukiziba na wewe uko Funyula usiku wa mvua, mtoto amekwenda. Basi akaunganisha mambo mawili: kutoboa kwa kamera nyembamba tundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia yake, na kuchoma tishu zinazotengeneza maji hayo. Tundu halihitaji vipuri. Alipoondoka 2006 kazi ilishikwa na Mganda aliyemfundisha, John Mugamba, na kutoka Mbale mbinu hiyo ilikwenda Marekani. Mwaka 2012 Warf alipewa tuzo ya MacArthur.

Neno lilifika kwetu kupitia akina mama, si kupitia wizara. Mama wa kabila la Wateso akifika Mbale hakosi nesi wa kuongea naye Kiteso. Akirudi na mtoto aliyefungwa bandeji, kijiji kizima kinapata anwani. Na miongoni mwa vichwa hivyo vya maji, wapasuaji walikuwa wakikuta pale ndani kitu kingine kilichoziba njia. Uvimbe. Waliwahesabu watoto hao. Mwaka 2014 Stagno, Mugamba, Warf na wenzao walichapisha habari za watoto 172 mfululizo waliotibiwa uvimbe wa ubongo Mbale. Niliposoma kichwa cha andiko hilo niliweka miwani mezani. Wanasema humo kwamba kinachotawala ni ugonjwa unaoonekana, na kwamba kwa sababu hiyo hesabu za uvimbe wa ubongo Afrika hazina uhakika. Medulloblastoma, ambayo kwingineko hushika nafasi ya juu, kwao ilikuwa asilimia ndogo. Wale wenye vichwa visivyovimba hawakuwa wamefika Mbale. Mimi nilijua walikokwenda.

Kilichonisaidia mwisho mwisho wa kazi ni kipande cha plastiki. Katika miaka ya 2010 tuliletewa kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu, mstari mmoja au miwili. Mstari ukiwa mmoja, yaani si malaria, huna pa kujificha. Unalazimika kumtazama mtoto upya.

Februari 2016 mwanamke anayeuza omena kando ya malori pale Malaba alimleta bintiye wa miaka saba. "Daktari, asubuhi anatapika, mchana anacheza. Amemaliza dawa za malaria mara tatu." Mstari mmoja. Nikachukua chaki, nikachora mstari mwingine sakafuni kutoka mezani hadi mlangoni, nikamwambia mtoto atembee juu yake kama treni. Hatua ya tatu alikwenda upande. Akacheka, akarudi, akaenda upande tena.

Nilimwandikia mama barua, nikampeleka mwenyewe hadi darajani. Mbale walipata picha, wakampasua Machi, wakautoa. Majibu ya hadubini yakasema medulloblastoma, na kwamba sasa inabidi aende Mulago kuchomwa mionzi. Mwezi ule ule Uganda ilikuwa imepoteza mashine yake ya pekee ya mionzi, ile ya kobalti iliyofanya kazi tangu 1995. Ilikuwa imekufa isifufuke, na nyingine ilikuja kuanza kazi karibu miaka miwili baadaye. Waganda wenyewe walikuwa wakitafutiwa nafasi Nairobi. Hospitali ya Aga Khan ilijitolea kuwatibu 400. Ndivyo mtoto wa Malaba alivyovuka mpaka kurudi Kenya, katika basi lile lile na wagonjwa wa Kampala, kwenda kutafuta Nairobi kile alichokuwa amekifuata Mbale. Mama aliuza ndama wawili. Foleni ilikuwa ndefu, hospitali siitaji. Walianza kumchoma Juni.

Nilistaafu mwishoni mwa mwaka ule. Alikuja kunitembelea nyumbani mwaka jana, yeye na mama yake. Ni msichana mkubwa sasa, mfupi kwa umri wake, kwa kuwa mionzi ya mgongo huzuia mifupa kurefuka. Nyuma ya kichwa nywele hazioti, kwa hiyo hapendi kuvua kitambaa. Anasoma polepole na amerudia darasa mara mbili. Chai alikunywa vikombe vitatu.

Mama alikuwa amebeba daftari lake la kliniki, limejaa mihuri ya miji mitatu na nchi mbili, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaniwekea kidole.

"Daktari, hapa tangu siku ile hakuna aliyeweza kunisomea. Mbale walishindwa, Nairobi walishindwa. Uliandika nini?"

Nikavaa miwani. Mwandiko wangu ni mbaya kweli. Nikasoma: "Mtoto anayumba. Anatapika alfajiri. Si malaria."